Mshangao Uliotaja Jina la Mtu

Vijana wa Kamembe, hapa Rusizi nchini Rwanda, wana neno moja la kushangaa, nalo ni "wow". Wanalitoa mbele ya gari jipya, mbele ya bao la mpira kwenye runinga, mbele ya picha ya harusi kwenye simu, na mbele ya Ziwa Kivu jua linapozama nyuma ya vilima vya Bukavu, ng'ambo upande wa Kongo. Nimelisikia kinywani mwa mjukuu wangu ambaye bado hajui kuhesabu hadi ishirini kwa Kiingereza. Sina ugomvi na neno hilo. Nilianza kufundisha shule ya msingi katika vilima hivi miaka ya sabini, na mwalimu aliyekaa na watoto muda mrefu hazoei kugombana na maneno yao. Ila sisi tuliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati Mwami Mutara Rudahigwa angali kitini, tulishangaa kwa namna nyingine, na ni haki yenu, wanangu, kujua tulishangaa vipi kabla hatujaondoka wote.

Mzee wa Kinyarwanda akistaajabu husema "Yampayinka!" Ukiyatenganisha, maneno ni "yampaye inka", yaani "alinipa ng'ombe". Zamani neno hilo halikusimama peke yake. Aliyekupa ng'ombe alikuwa na jina, na ukipatwa na jambo la kukukata pumzi, liwe jema au baya, jina lake ndilo lililokutoka kwanza. Kitendo hicho kinaitwa kwirahira, nacho kina kiapo ndani yake na shukrani ndani yake kwa wakati mmoja. Baba yangu alimtaja mtu aliyempa mtamba mwekundu kabla mimi sijazaliwa. Mvua ya mawe ikilaza migomba, alimtaja mtu yule. Mtoto akizaliwa salama baada ya usiku mzito, alimtaja mtu yule. Mtoza kodi akitokea njiani, alimtaja pia, safari hii kwa sauti ya chini. Mimi sikuwahi kumwona, lakini jina lake nalijua kuliko ninavyoyajua ya baadhi ya majirani zangu wa leo, kwa kuwa nilikua nikilisikia kila dunia ilipofanya jambo tusilolitazamia.

Mgeni anaweza kuuliza kwa nini ng'ombe, na si shamba wala fedha. Ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto na mbolea ya shamba, alikuwa mahari, na alikuwa alama kwamba watu wawili wamefungana na watoto wao watajuana. Hata salamu yetu ilimtamka: ukikutana na mtu unayemheshimu unamwambia "Amashyo", ukimtakia makundi ya ng'ombe, naye anakujibu "Amashongore", akikutakia makundi ya majike. Katika maisha ya namna hiyo, mtu aliyekupa ng'ombe alikuwa amekuweka duniani mara ya pili baada ya wazazi wako. Ndiyo sababu alitajwa pale akili ilipoyumba na ulimi ukatafuta pa kushika.

Upande wa pili nao nitausema, maana kijana anayeheshimiwa haambiwi nusu ya habari. Nchi hii inayotoka msitu wa Nyungwe hadi ziwani na kushuka na mto Rusizi iliitwa Kinyaga. Ubuhake, utaratibu wa mtu kupewa ng'ombe na mkubwa wake, shebuja, kisha akamtumikia kwa sababu ya ng'ombe huyo, haukuwa na mizizi mirefu huku kama katikati ya nchi. Ulikolea baada ya Mwami Rwabugiri, aliyefariki 1895, kuusimika utawala wake upande huu wa magharibi, na enzi za wakoloni ukazidi uzito. Mtafiti Catharine Newbury alikaa na wazee wa Kinyaga mwanzoni mwa miaka ya sabini akawasikiliza, na kitabu chake cha 1988 kinaonyesha jinsi vifungo vya namna hiyo vilivyogeuka mzigo juu ya migongo ya wadogo. Rudahigwa aliufuta ubuhake mwaka 1954. Baba yangu aliyekuwa amemfyekea bwana wake na kumjengea ua aliachana na kazi hizo, lakini hakuacha kulitaja jina lile. Nilipokuwa kijana mwenye joto la darasani nilimuuliza kwa nini bado anamtaja mtu aliyemtumikisha. Akanijibu kwamba maziwa niliyoyanywa hayakuwa na kosa. Nimeyafikiria maneno yale karibu maisha yangu yote. Yule mzee aliujua uonevu kuliko mimi niliyeusoma vitabuni, na bado alikataa kuuachia uonevu ufute wema uliokuwa umechanganyika nao.

Sasa neno lenu. Nalo lina ukoo, na niliutafuta ukoo wake kwa heshima ileile ninayotaka yetu yapewe. "Wow" halikuzaliwa Marekani kama wengi wanavyodhani. Limeonekana kwanza katika maandishi ya Uskoti mwaka 1513, katika kazi ya Gavin Douglas, mtu wa kanisa na mshairi ambaye baadaye alikuwa askofu, alipokuwa akiutafsiri utenzi wa Virgil, Mroma wa kale, kwa lugha ya watu wake. Karne mbili na zaidi baadaye Robert Burns, mtoto wa mkulima, mtu aliyeshika jembe kabla ya kushika kalamu, alilitumia katika shairi lake la 1791 juu ya mlevi aliyekutana na wachawi usiku. Karne ya ishirini ndipo lilipochukuliwa na Marekani likasambazwa kwa filamu na redio, hata likafika kwetu. Chini yake hakuna Mungu, hakuna mama, hakuna mnyama. Ni sauti ya kinywa kinachofunguka na kujifunga. Na hata wenye elimu kubwa limewatosha: mwezi Agosti 1977, huko Ohio, mwanasayansi Jerry Ehman alikuta katika karatasi za darubini ya redio alama ya mawimbi yenye nguvu iliyodumu sekunde 72 kutoka angani, akaizungushia wino mwekundu na pembeni akaandika neno hilo moja. Hadi leo hakuna aliyethibitisha mawimbi yale yalitoka wapi. Nalipenda tukio hilo. Mtu amesimama mbele ya kitu asichokijua chenyewe wala mtoaji wake, na neno lisilotaja mtu limemfaa kabisa.

Hapo ndipo tofauti yetu na nyinyi ilipo, na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze. Mbele ya nyota za mbali, "wow" inatosha. Lakini mambo mengi mnayoyashangaa hapa Rusizi hayakutoka angani. Yana watu nyuma yake, wengine wangali hai, wamekaa barazani mnakopita.

Chukua umeme. Bwawa la kwanza la umeme kwenye mto Rusizi lilijengwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, kilomita chache tu kutoka mahali mto unapotoka ziwani. Sisi tulikuwa watoto. Tulipanda kilimani jioni kuitazama Bukavu ikiwaka ng'ambo, taa zikishuka hadi majini, na nyuma yetu Kinyaga nzima ikiwa gizani isipokuwa moto wa majikoni. Mto ulikuwa wetu sote, maji yalikuwa yaleyale, na nyaya zilipita juu ya mashamba ya watu waliosomesha watoto kwa koroboi. Bwawa la pili lilianza kazi 1989, na hata hapo vijiji vingi viliendelea kungoja. Kizazi changu kilisoma kwa koroboi, kikafundisha kikisahihisha madaftari kwa koroboi, na macho yetu yanajua gharama yake. Leo mjukuu anabonyeza ukutani bila kuangalia. Siku taa ya kwanza ilipowaka nyumbani kwangu nilisimama sebuleni nikamtaja baba yangu, aliyekufa bila kuiona, kwa sababu ndiye aliyeuza ndizi na mbuzi ili nipate kusoma katika giza lile.

Au chukua samaki. Wale wadogo mnaowala kwa ugali mkawaita sambaza hawakuwamo katika Kivu babu zetu walipokuwa vijana. Ziwa letu lina gesi kilindini, na aina za samaki zilikuwa chache. Wabelgiji waliwaleta kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya hamsini, wakamwagwa ziwani, na baada ya miaka kadhaa wakawa wengi hata wakabadilisha sahani ya maskini. Uvuvi wao nimeuona kwa karibu. Mitumbwi mitatu inaungwa kwa miti mirefu inayochomoza mbele na nyuma, wavu unatandazwa chini yake, taa zinawashwa, na wanaume wanapiga kasia kwa wimbo mmoja ili nguvu zisipotee. Usiku wa manane taa zikishawavuta samaki juu, miti yote inalia, kamba zinavutwa mikono ikiwa imekufa ganzi, na wavu ukifika juu unang'aa mweupe mtupu. Mvuvi mzee aliyenichukua usiku mmoja aliuona wavu ule akanyamaza kwanza. Kisha akasema "Yampayinka" na kumtaja mtu wa Nkombo aliyemfundisha kushona nyavu. Hakupewa ng'ombe na mtu yule. Alipewa kazi, akaiingiza mahali pa ng'ombe, na neno likakubali.

Barabara ya kwenda Butare nayo ina watu wake. Kabla ya lami, lori likiingia Nyungwe wakati wa masika hapakuwa na ahadi ya kutoka siku hiyo. Wanaume walishuka, wakakata matawi na kuyalaza chini ya magurudumu, wakasukuma hadi matope yakawafika kiunoni, wakalala chini ya turubai katika baridi ya mlimani wakisikia nyani wakihama juu yao. Walibeba chai ya Shagasha, walibeba wagonjwa, walibeba vitabu vyetu vya shule. Kiwanda cha saruji cha Bugarama kilipoanza mwaka 1984, mifuko yake nayo ilipita njia zetu mabegani mwa wenzetu. Leo basi linavuka msitu kwa saa chache, abiria ana vipokea sauti masikioni, na akiona ukungu umekaa juu ya miti anasema neno lake na kupiga picha. Ana haki. Msitu ule ni wa kushangaza. Ila barabara anayopita juu yake ni ya kushangaza zaidi, na barabara ina wazazi.

Kuhusu lugha niseme kwa fahari, kwa sababu hapa kizazi chetu cha walimu kilibeba mzigo ambao hakijasifiwa vya kutosha. Tulisoma kwa Kifaransa, na mshangao wa darasani ukawa wa Kifaransa. Mwaka 1979 mageuzi ya elimu yakakifanya Kinyarwanda kuwa lugha ya kufundishia shule ya msingi, tukajifunza upya kuyaita mambo ya sayansi kwa lugha ya mama zetu. Kiswahili hatukufundishwa na mtu. Tulikipata darajani Rusizi na katika soko la Kadutu, tukibeba maharagwe kwenda na vitenge kurudi, tukiwajibu akina mama wa Bukavu ambao bei ikiwashangaza hupiga kofi moja na kusema "Mama wee!" Watu wengi ndani ya nchi walikidharau Kiswahili wakisema ni lugha ya wajanja wa mjini, mpaka Bunge lilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Sisi wa Rusizi hatukungoja Bunge. Kabla ya hapo, Oktoba 2008, Serikali iliamua kwamba shule zifundishe kwa Kiingereza, na mwaka uliofuata tukaingia madarasani. Wengi wetu tulikuwa na mvi. Tulihudhuria mafunzo wakati wa likizo tukikaa kwenye madawati ya watoto, tukasoma kamusi usiku, na asubuhi tukafundisha hesabu kwa lugha tuliyoiandaa saa chache kabla. Walikuwapo wenzangu walioandika kila sentensi ya somo zima kwenye karatasi ndogo wakaikariri, ili mtoto asipungukiwe kwa sababu mwalimu wake alizaliwa mapema. Hilo "wow" lenu, wanangu, wengi mlilisoma mara ya kwanza kwenye kitabu kilichoshikwa na mikono hiyo.

Kuna mwaka ambao maneno yote yalituishia. Kinyarwanda kina neno agahomamunwa: jambo linalouhoma mdomo kama udongo unavyohomwa ukutani, hata mtu asiweze kusema. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, yaliyochukua watu zaidi ya milioni moja nchini, hata neno hilo lilikuwa dogo. Hapa kwetu Watutsi walikusanywa katika uwanja wa Kamarampaka wakiambiwa watalindwa. Majina yalisomwa kutoka orodha, na walioitwa walitolewa wakauawa. Mnaelewa sasa kwa nini wazee wa Rusizi hawalichukulii jina la mtu kirahisi. Sisi tuliofundishwa kulitaja jina ili kumshukuru mtu, tulisikia majina yakitajwa ili watu wafe. Walikuwamo waliouawa na watu ambao familia za hao waliouawa zilikuwa zimewapa ng'ombe. Baada ya hapo nilikaa miaka mingi bila kuweza kusema "Yampayinka", na sikuwa peke yangu. Neno lilikuwepo, lakini lilikuwa limevunjiwa heshima na waliolijua vizuri kuliko wote. Kuna wenzangu walionusurika ambao hawakulirudia tena hadi wanazikwa, na hakuna mwenye haki ya kuwadai.

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 ardhi ilitikisika, Bukavu na Rusizi kwa pamoja, watu wengi wakiwa ibadani, na wengine wakafia chini ya kuta za kanisa. Nilikuwa nje. Katika zile sekunde sikusikia Kifaransa, sikusikia Kiingereza, na jina la mwenye ng'ombe halikutajwa. Mzee na kijana walimwita mama. Nimeliweka hilo moyoni kila ninaposikia watu wakisema vizazi vyetu haviwezi kuelewana.

Miaka miwili kabla ya tetemeko lile, mwaka 2006, nchi ilianzisha Girinka, mpango wa kuipa familia maskini ng'ombe mmoja, na hadi sasa wametolewa zaidi ya laki tatu. Sharti lake ndilo lililonigusa: ndama jike wa kwanza anapelekwa kwa jirani mwingine maskini, nasi tunaita kwitura. Hapa hakuna shebuja. Anayetoa leo alikuwa amepewa jana na mtu mwenye hali kama yake. Nilihudhuria makabidhiano ya namna hiyo kijijini kwetu. Aliyetoa alikuwa mjane mnusurika, mkavu wa maneno. Aliyepokea alikuwa msichana mlezi wa wadogo zake, aliyezaliwa miaka mingi baada ya mauaji yale, na familia zao zilikuwa na sababu zote za kutosalimiana. Kamba ilipohama mkono, msichana alisema "wow", kwa moyo wote, na watu wakacheka vizuri. Kisha akasimama wima, akasema "Yampayinka" na kulitaja jina la mama yule, jina kamili, mbele ya kijiji kizima. Mjane alijibu kwa kuinamisha kichwa. Mimi niliyeshindwa kulitamka neno lile kwa miaka mingi nililisikia siku ile likiwa limerudishiwa heshima yake na mtoto wa shule.

Tangu hapo sisi wazee tuliobaki tumekuwa tukikutana baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, tukiandika katika daftari nani alimpa nani ng'ombe katika vilima vyetu tangu enzi za babu zetu, pamoja na waliopewa kazi, waliolipiwa karo, na waliofichwa mwaka 1994 na aliyewaficha. Majina ya waliouawa tunayaandika kwa ukamilifu, na vitu walivyowapa wengine kabla ya kuuawa. Orodha za Gihundwe na Mururu zimekaribia kukamilika. Nkanka inatuhitaji tupande tena, maana wazee wawili muhimu ni wagonjwa, na kisiwa cha Nkombo hatujakifikia kabisa kwa sababu miguu yetu haipendi tena mitumbwi. Kijana mwenye simu nzuri ya kurekodi sauti, na mwenye babu au bibi upande ule, aje Jumamosi hiyo tumpe maswali.